Wapenzi wa vitabu, ndege na gitaa wa Tabora walikula nini?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji utakayeyakuta mazungumzo haya gazetini, bila shaka unaikumbuka ile safu ya marafiki wa kalamu. Kijana alituma jina lake, umri wake, sanduku lake la posta na picha ndogo, kisha akaeleza anachopenda: kusikiliza muziki, kusoma riwaya, kukusanya stempu, kubadilishana mawazo na wenzake wa mikoa mingine. Hakuulizwa anakula nini. Lakini kijana huyo huyo akienda ofisi yoyote kuomba karatasi yoyote, fomu atakayopewa itakuwa na mstari mmoja tu unaomhusu hasa: Kazi. Ataandika mkulima, karani, dereva au mfanyabiashara. Mstari wa kuandika kwamba jioni anapiga gitaa, au kwamba anajua majina ya ndege wote wa porini kwao, haupo.

Historia nayo tumefundishwa kama fomu hiyo. Speke: mvumbuzi. Emin Pasha: gavana. Snay bin Amir: mfanyabiashara wa pembe. Mnyamwezi: mpagazi. Leo nataka tuwapitie watu hawa kwa ile safu ya marafiki wa kalamu, tuone walipenda nini, halafu turudi kwenye fomu tuone kilichowalisha. Nimeichagua Tabora kwa sababu moja. Kwingineko tukisema mapenzi ya mtu fulani yalibebwa na wengine, tunasema kwa mafumbo. Katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji, yalibebwa kweli, mabegani na kichwani, kwa mzigo wa kilo 30 hivi kila mtu.

Tuanze na mwenyeji, kama adabu inavyotaka.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kaze, mahali palipo Tabora ya leo. Ilikuwa siku ya 134 tangu waiache pwani. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Aliyewapokea, akawapa nyumba, akawatunzia mizigo na kuwatafutia wapagazi wapya, alikuwa Mwarabu wa kabila la Harthi, Snay bin Amir. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alimsifu huyu kwa kurasa nzima katika kitabu chake cha mwaka 1860. Anatueleza kwamba Snay alianza maisha kama muuza vitamu huko Maskati. Msomaji wa pwani akisikia vitamu na Maskati kwa pamoja atafikiria halua, nami sitamzuia. Katika muda wa miaka 16 hivi muuza vitamu huyo akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara letu.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mapenzi yake yalikuwa vitabu na lugha. Alikuwa amesoma sana, ana kumbukumbu ya ajabu, na alikuwa na vitabu vyake pale Kaze, mamia ya maili kutoka bahari. Mwaka 1852 alikuwa amekwisha kufika Karagwe na Buganda, na aliyoyaona huko aliyahifadhi kichwani kwa mpango, njia kwa njia, mtawala kwa mtawala. Jioni alikaa na Burton, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, wakilinganisha maneno ya Kinyamwezi na ya lugha nyingine za bara. Sehemu kubwa ya yale ambayo Ulaya ilikuja kuyajua juu ya nchi za maziwa ilipita kwanza mdomoni mwa muuza vitamu huyu. Yeye hakulipwa hata senti kwa elimu hiyo, wala sidhani alitaka kulipwa. Alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye, na kila mpenda vitabu aliyewahi kuhamishiwa kituo cha mbali anaijua furaha hiyo.

Lakini lazima tuirudie fomu. Ile nafasi ya kukaa barazani na kitabu ilinunuliwa. Pembe zilizomtajirisha zilifika pwani mabegani mwa watu, na baadhi ya biashara yake ilikuwa watu wenyewe. Mashamba ya Waarabu wa Unyanyembe yaliyowalisha wageni kwa wali na matunda yalilimwa na watumwa. Siyasemi haya ili kumfukuza Snay kutoka katika historia ya elimu yetu. Anastahili kuwamo. Nayasema kwa sababu Burton anapomsifu mwenyeji wake anasema yote mawili katika pumzi moja, biashara ya watumwa na mapenzi ya vitabu, na haoni kwamba la kwanza ndilo lililolipia la pili.

Mwisho wa Snay ulikuwa mbaya. Waarabu wa Kaze waliingia vitani na Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe waliyemwondoa katika kiti chake, na katika vita hivyo, mwaka 1861, Snay aliuawa. Speke, aliyekuwa amerudi nchini kwa safari nyingine, alisimuliwa kwamba mzee yule aliona jeshi lake limemkimbia, akasema amezeeka mno kuweza kukimbia, akampa kijana mtumwa wake bunduki kama zawadi ya kuagana, akalala chini kungoja. Vitabu vyake viliishia wapi? Hilo hakuna msafiri aliyelijali.

Sasa hao wageni wenyewe. Tunapenda kuwaita wavumbuzi, kana kwamba uvumbuzi ilikuwa ajira. Kwenye fomu wote wawili wangeandika: askari. Walikuwa maofisa katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, Burton upande wa Bombay, Speke upande wa Bengal. Speke aliingia jeshini mwaka 1844, akiwa na miaka 17, na alichokipenda kuliko gwaride lolote kilikuwa kuwinda na kukusanya wanyama na ndege wa kupeleka kwao Uingereza. Likizo zake zote alizimalizia katika milima ya Himalaya na bunduki na vyombo vya kuchunia ngozi. Mwaka 1854, alipotimiza miaka 10 ya utumishi na kustahili likizo ndefu, alipanda meli kuja upande wetu. Kwa maneno mengine, yule tunayemjua kwa sababu ya Ziwa Viktoria alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuwa likizo.

Burton naye alikuwa mgonjwa wa lugha. Jeshini alifanya mitihani ya lugha kama wengine wanavyocheza karata. Alipofika Kaze na kumkuta Snay, alikuwa amefika peponi. Speke hakujua Kiarabu. Alikaa pembeni wakati wawili hao wanazungumza, siku baada ya siku, akachoka, na nani asingechoka? Waliporudi Kaze kutoka Ujiji mwezi Juni 1858, Burton alitaka kubaki na maandishi yake na mazungumzo yake. Speke alitaka kutembea. Snay alikuwa amewaambia kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji. Basi Speke akaondoka Julai na watu wachache, na tarehe 3 Agosti 1858 akayaona maji ya Nyanza karibu na Mwanza ya sasa. Kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amerudi Kaze na kumwambia mwenzake kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton hakuamini. Ugomvi uliofuata ulivunja urafiki wao na kujaza magazeti ya London kwa miaka. Vitabu vya historia vinatafuta sababu za ugomvi huo katika sayansi na wivu. Mimi naona pia kwamba mmoja alipenda kukaa na kusikiliza, mwingine alipenda kwenda na bunduki, na Kaze ndipo mapenzi hayo mawili yalipoachana njia.

Speke aliwezaje kusafiri bila lugha? Aliye mjibu swali hilo ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, aliyetekwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akaachwa huru bwana wake alipokufa, akarudi Afrika na kuwa askari wa Sultani. Huko India alijifunza Kihindustani, na ndicho alichozungumza na Speke. Alitumikia baadaye misafara ya Grant, Stanley na Cameron, na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani na baadaye, mwaka 1876, pensheni. Ndiye mtu pekee katika hadithi hii ambaye kutembea kulikuwa kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, na akalipwa uzeeni kwa sababu hiyo.

Nimetaja Ujiji na Kwihara inanijia. Tembe alimokaa Livingstone, kilomita chache kutoka mjini Tabora, lipo mpaka leo na wageni huenda kuliona. Daktari huyu alianza kazi akiwa na miaka 10, katika kiwanda cha pamba huko Scotland, na inajulikana kwamba alikuwa akiegemeza kitabu juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila anapopita. Pale Kwihara, mwaka 1872, baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi, alikaa miezi mitano akingoja. Alingoja nini? Hakuwa na uhaba wa chakula wala wa karatasi. Alingoja wapagazi. Vipimo vya nyota alivyovipenda na madaftari yake yasingeweza kusogea hatua moja mpaka watu wafike kutoka pwani kuyabeba. Mwaka uliofuata alipokufa, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi hayo. Walipofika Kwihara Oktoba 1873 walimkuta Cameron, ambaye aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Hapa ndipo tunapopaswa kumtazama mpagazi kwa macho mengine. Fomu inasema mpagazi, lakini hata fomu imekosea. Wanyamwezi wengi waliokwenda pwani walikuwa wakulima. Walibeba wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na mvua zikikaribia msafara uligeuka tatizo, kwa sababu kila mtu alikuwa na shamba akilini. Kwa vijana safari ya pwani ilikuwa ndiyo utu uzima. Mtoto wa kiume aliyekua akifuata msafara alipewa kajipembe kadogo begani ili azoee. Malipo yalikuwa nguo, merikani na kaniki, pamoja na shanga na waya, na nguo hizo kijijini ziligeuka mbuzi, ng'ombe na mahari.

Na mapenzi yao? Soma kitabu chochote cha msafiri wa wakati ule, uruke kurasa zake za malalamiko, utayakuta. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, aliyevaa vazi jekundu na manyoya au ngozi kichwani, na bendera mkononi, akifuatiwa na mpiga ngoma. Baragumu la pembe lilipigwa kuwaamsha watu na kuwaingiza kijijini kwa kishindo. Waliimba njiani kwa kupokezana, mmoja akianza na mamia wakimjibu. Kambini, watu waliotembea na kilo 30 tangu alfajiri walitua mizigo, wakapika, kisha wakacheza ngoma. Wazungu wengi walilalamika kwamba hawapati usingizi. Hakuna hata mmoja, kwa kadiri ninavyokumbuka, aliyejiuliza hawa wanapata wapi nguvu hizo. Ngoma ile haikuwa katika mkataba. Hakuna aliyeongezewa upande wa nguo kwa kuicheza.

Nyumbani nako kulikuwa na vyama vya mapenzi ya namna hii, na baadhi yake vinajulikana mpaka leo. Wayeye, kwa mfano, ni chama cha wacheza na nyoka miongoni mwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mwanachama huingizwa kwa kiapo na ada, hufundishwa dawa za sumu, hujifunza kumshika swila bila kuumwa, na siku ya ngoma watu hujaa kumtazama. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya chama hicho mwaka 1946. Lakini asubuhi ya ngoma ikipita, Myeye huchukua jembe kama jirani yake. Ukimpa fomu ataandika mkulima, na atakuwa amesema kweli.

Nije kwa wapenda ndege, maana hawa ndio walioacha majina yao katika pori la Tabora kuliko wengine wote. Mwaka 1880 chama cha Kijerumani cha utafiti wa Afrika kilileta msafara ambao kituo chake cha kwanza kilikuwa Kakoma, kusini ya Tabora. Ndani yake alikuwamo kijana wa Berlin, mtoto wa daktari, Richard Böhm. Huyu angalau alibahatika: alitumwa kufanya kile alichokipenda. Alipiga ndege, akawachuna, akazipaka ngozi dawa ya kuzuia wadudu, akaandika kila ndege alionekana wapi na anakula nini, na alichora vizuri vilevile. Wataalamu wa Berlin waliokuwa wakipokea masanduku yake walianza kutoa majina. Kuna teleka mdogo mwenye mkia mfupi sana anayeitwa wa Böhm. Kuna shore mdogo wa miombo, mwenye madoa kifuani, aliyepatikana huko huko Kakoma, anaitwa wa Böhm. Kuna mla nyuki wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya kutu, naye wa Böhm, na katika nchi ya asali kama Unyamwezi ndege huyo bila shaka alikuwa na jina, tena la kulaaniwa, kabla Böhm hajazaliwa. Mnana mmoja wa kusini-magharibi mwa Tanzania amepewa jina la mwenzake katika msafara, Paul Reichard. Punda milia wetu ana bahati zaidi. Waingereza humwita kwa jina la Grant, yule ofisa wa jeshi la India aliyepita Kaze na Speke mwaka 1861 akichora na kukusanya mimea, na jina lake la Kilatini ni la Böhm. Wapita njia wawili, mnyama mmoja.

Böhm alikufa kwa homa huko Katanga, Machi 1884, hajatimiza miaka 30.

Miaka 6 baadaye alifika Tabora mpenda ndege mwingine, mkubwa kwa cheo. Emin Pasha, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, alikuwa daktari kutoka Silesia aliyepata mshahara wake kwanza kwa Waturuki, kisha kwa serikali ya Misri, iliyomfanya gavana wa Ikweta mwaka 1878. Kwa miaka yote hiyo, katikati ya vita na hesabu za kodi, alikuwa akichuna ndege na kuwatuma katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Macho yake yalikuwa mabovu mno. Bagamoyo, Desemba 1889, katika karamu ya kumpongeza kwa kutoka bara salama, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Mtu huyo, aliyelazimika kusogeza ndege karibu na pua ili aone rangi ya manyoya, ndiye aliyepandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890. Naona mara nyingi tukiieleza siku hiyo kama tendo la mkoloni shupavu. Kilichofuata kilikuwa kikali kweli, kwa sababu mtemi Isike alipigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, alipojilipua ndani ya boma lake asishikwe. Lakini mwenye kupandisha bendera alikuwa daktari nusu kipofu ambaye moyo wake ulikuwa katika masanduku ya ngozi za ndege. Utawala ulikuwa ndio mshahara wake. Oktoba 1892 aliuawa Kongo, akiwa bado safarini.

Hesabu sasa masanduku hayo. Sanduku la ndege waliokaushwa si zito kama pembe, lakini halitaki kunyeshewa, halitaki kuangushwa, na halina faida yoyote kwa mtu aliyelibeba. Pembe angalau kila mpagazi alijua thamani yake. Ndege mkavu wa gramu 20 aliyesafirishwa kilomita 800 kwa miguu ili apewe jina la mtu wa Berlin lazima aliwapa wapagazi mengi ya kucheka kambini. Nani alimwonyesha Böhm kiota? Nani alijua kwamba ndege fulani anakaa katika mbuyu na si katika mninga? Vijana wa Kakoma. Nao walikuwa na elimu ya ndege iliyokuwa ya mapenzi kama yake, waliyoipata wakichunga na kutega. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na mtu wa kuwabebea sanduku.

Reli iliimaliza kazi hiyo. Garimoshi lilifika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 likafika Kigoma. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache, na mjukuu wa mpagazi akaanza kutafuta mstari mpya wa kuandika kwenye fomu. Wengine waliandika karani, wengine fundi wa reli, wengine mwalimu. Serikali ya Kiingereza ilipofungua shule yake Tabora mwaka 1925, mji huo ukawa karakana ya makarani na walimu wa Tanganyika nzima. Na karani, ndugu msikilizaji, ana kitu ambacho mpagazi hakuwa nacho: saa inayosema kazi imekwisha. Ana pia kalamu, na karatasi ambayo si yake.

Hapo ndipo mapenzi mapya yalipozaliwa, ya kutunga mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilijaa mashairi ya watu ambao asubuhi walikuwa wakipiga mihuri. Shaaban Robert, tunayemwita baba wa fasihi yetu, aliingia kazi ya forodha mwaka 1926 na akaishi kwa mshahara wa serikali sehemu kubwa ya umri wake. Yeye ni wa Tanga, lakini njia ya misafara ina wake. Kutoka Ugogo alitoka Mathias Mnyampala, aliyefanya kazi za mahakama na kutunga ngonjera. Kutoka Ujiji, mwisho wa njia, alitoka Amri Abedi, aliyezaliwa mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa sheikh, kisha meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, na akafariki mwaka 1964. Katika maisha hayo mafupi na yenye vyeo vingi, kitabu chake cha mwaka 1954 cha kanuni za kutunga mashairi ndicho kinachofunguliwa mpaka leo.

Na yupo mwanafunzi mwingine wa Tabora, aliyeingia shule ya serikali mwaka 1937 na kurudi mjini mwaka 1946 kufundisha shule ya Mtakatifu Maria. Kwenye fomu angeandika mwalimu, na aliendelea kuitwa hivyo hata alipokuwa Rais. Mwaka 1963, nchi ikiwa na umri wa miaka 2, ikiwa na kila tatizo ambalo nchi inaweza kuwa nalo, Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Hakuna katiba inayomwagiza Rais kupima mizani ya mistari usiku. Wapo waliosema alikuwa anapoteza muda wa taifa. Mimi nasema alikuwa anafanya alichofanya karani wa forodha, ila meza yake ilikuwa kubwa zaidi.

Wengine wa Tabora hawakuchukua kalamu, walichukua gitaa. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz ni majina ambayo mtu wa umri wangu hawezi kuyasikia akatulia kitini. Miji mingine nayo ilikuwa na zake, kuanzia Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932. Zilikuwa klabu, na neno hilo tulichukue kama lilivyokuwa. Wanachama walichanga, vyombo vilikuwa mali ya klabu, na wapigaji wengi walikuwa na kazi zao za mchana. Watu walijifunza kwa kukaa karibu na aliyetangulia, wakirudia wimbo mpaka vidole vinachubuka, na kesho yake saa moja na nusu kila mtu alikuwa kazini.

Baadaye nchi yetu ikabuni jambo ambalo sijui kama limefanyika kwingine kwa kiasi hicho. Iliamua kwamba mpiga gitaa anaweza kuajiriwa. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964. Jeshi likawa na bendi, polisi wakawa na bendi, magereza, vijana, hata kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1970. Mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi, nyumba pengine, matibabu, na kwenye fomu aliweza kuandika mfanyakazi bila kudanganya. Wapo wanaoudharau utaratibu huo na kusema ulifanya wanamuziki waimbe sifa za mwajiri. Waliimba kweli. Lakini usiku huo huo waliimba juu ya mapenzi na fitina za jirani, na vidole vyao havikuchubuliwa na kazi nyingine. Gharama yake ililipwa na ada ya kila mwanachama wa chama na jasho la kila mfuma nguo wa Urafiki, nao angalau walikuwa na haki ya kuingia dansini. Chama kilipobadilika jina bendi ilibadilika nacho, NUTA, JUWATA, OTTU, hadi ikabaki inajiita Msondo Ngoma, bila mwajiri, ikitegemea kiingilio cha mlangoni.

Zile klabu za Tabora zilikuwa zimeujua utaratibu huo wa kiingilio tangu mwanzo. Tunazo sauti zao, kwa sababu redio ilizirekodi na mpaka leo unaweza kuzisikia. Tunalijua jina la kiongozi na pengine la mwimbaji. Lakini yule wa gitaa la pili, yule wa tumba, yule aliyetikisa maraka, mchana walikuwa wapi? Ofisi ya reli? Duka la Mhindi? Shamba la tumbaku? Kama yupo msomaji wa Tabora, Urambo au Nzega ambaye baba yake au mjomba wake alikuwa mmoja wao, namwomba aniandikie kwa anuani ya gazeti hili. Ataje kazi ya mchana na chombo cha usiku, vyote viwili, na kama anajua, aseme pia nani alilipia gitaa.